Uwanja Kwanza, Ukumbi Baadaye: Somo la Mnazi Mmoja kwa Wana-Ilembo



Wazo la kuwa na kituo cha jamii katika kata yetu si geni kwa wanajumuiya. Tunataka mahali pa mikutano, pa mafunzo ya vijana na kina mama, pa harusi, na pa kukaa na wafiwa mvua inaponyesha. Kila wazo hili linapotajwa, swali la kwanza huwa ni wapi kitajengwa, na jibu la haraka huwa ni hili: kwenye uwanja wa wazi, kwa sababu pale hakuna wa kulipwa fidia.

Kwa sisi tunaoshika vitabu vya hesabu jibu hilo linavutia. Fidia ya ardhi mjini ni fungu zito, na linaweza kumaliza michango kabla hata msingi haujachimbwa. Lakini uwanja wa wazi nao ni mali, ingawa hauonekani kwenye vitabu vya mtu yeyote. Ukishajengwa haurudi tena. Kwa hiyo kabla hatujaandika ahadi zetu za mwaka huu, inafaa tuangalie wenzetu waliotangulia walifanya nini na viwanja vyao pamoja na kumbi zao.

Uwanja uliowekwa kuwatenga watu

Wengi wetu tunaoishi Dar es Salaam hupita Mnazi Mmoja kila siku bila kuuliza kwa nini eneo kubwa namna ile, katikati ya jiji lenye njaa ya viwanja, limebaki wazi. Asili yake si nzuri. Kabla ya vita ya 1914 Wajerumani walipanga kuugawa mji kwa rangi za watu: Wazungu upande wao karibu na bahari, Wahindi na maduka katikati, na Waafrika mbali zaidi, katika eneo ambalo baadaye lilikuja kuitwa Kariakoo. Waingereza waliochukua nchi baada ya vita waliuendeleza mpango huo. Kati ya Uhindini na Kariakoo paliachwa ukanda wa wazi, na nyumba za watu zilizokuwa ndani yake zikaondolewa. Walioandika mpango walisema ukanda huo ni kwa ajili ya afya na usalama wa mji. Waliohamishwa walijua vizuri maana yake.

Lakini uwanja hauna tabia ya kumtii aliyeuchora. Ukanda uliowekwa ili watu wasichanganyike ukawa mahali wanapokutana. Mpira ulichezwa pale, Idi ikasherehekewa pale, na siasa ilipoanza kupamba moto, mikutano ya hadhara ya TANU ikafanyika pale. Hakuna aliyehitaji kadi wala ada ya mlangoni. Mbeba mizigo wa bandarini na karani wa serikali walisimama kwenye jua lilelile wakisikiliza hotuba moja.

Ukumbi wa tajiri na nyumba ya wanachama

Pembezoni mwa uwanja huo, mwanzoni mwa miaka ya 1950, kilijengwa kituo cha jamii. Fedha zilitolewa na George Arnautoglu, mfanyabiashara tajiri mwenye asili ya Kigiriki, na jengo likabeba jina lake. Wazee wa Dar es Salaam mpaka leo husema Anatoglo. Serikali ya kikoloni ilitaka Waafrika wa mjini wapate mahali pa madarasa ya jioni, michezo ya ndani, dansi na mambo mengine ya ustawi. Haikukusudia siasa.

Hata hivyo ni ndani ya ukumbi huo ambamo TAA, chama cha Waafrika wa Tanganyika, kilifanya uchaguzi wake Aprili 17, 1953. Mwalimu wa Pugu aliyekuwa amerudi kutoka masomoni Uingereza, Julius Nyerere, alichaguliwa kuwa rais wa chama dhidi ya Abdulwahid Sykes. Kwa hiyo zawadi ya tajiri ilitumika kwa jambo ambalo pengine hakuna aliyeipokea siku ya ufunguzi angelifikiria. Hii ni sifa ya kwanza ya ukumbi mzuri: wenyeji waweze kuutumia kwa shida zao wenyewe.

Lakini tuangalie na upande wa pili. Mwaka mmoja baadaye, Julai 7, 1954, siku ambayo sote tunaijua kwa jina la Sabasaba, TANU ilipozaliwa haikuzaliwa katika ukumbi wa Arnautoglu. Ilizaliwa mtaa wa New Street, ambao leo ni Lumumba, katika nyumba ndogo ya TAA isiyo mbali na uwanja. Nyumba hiyo ilikuwa imejengwa na wanachama wenyewe wa African Association, chama kilichoanzishwa 1929, kwa michango na kwa kujitolea nguvu zao. Haikuwa na ukumbi mkubwa wala sakafu ya dansi. Ilikuwa na kitu kimoja ambacho ukumbi wa jirani haukuwa nacho: ufunguo ulikuwa mikononi mwa wanachama. Hawakuhitaji kumwomba mtu kibali cha kuingia, wala kumweleza mtu agenda ya kikao.

Baadaye TANU ilijenga jengo kubwa zaidi kwenye mtaa huohuo. Mwaka 1961, nchi ikikaribia uhuru na chuo kikuu hakina majengo, jengo hilo la chama ndilo lililotolewa ili masomo yaanze, na wanafunzi wa kwanza wa sheria walisomea pale Lumumba kabla chuo hakijahamia Mlimani. Chama kilichoanza na nyumba ya kujitolea kikaweza kuikopesha nchi nzima paa la chuo kikuu.

Basi ndani ya eneo ambalo mtu anaweza kulizunguka kwa miguu kwa nusu saa, tuna mambo matatu: uwanja wa wote, ukumbi wa mfadhili na nyumba ya wanachama. Kila kimoja kilifanya kazi ambayo kingine kisingeweza. Ukumbi ulikaa pembezoni mwa uwanja, haukuumeza. Kama mfadhili angepewa uwanja wote, mikutano mikubwa ya TANU ingefanyika wapi?

Vituo vilivyokosa mafuta ya taa

Arnautoglu haikuwa peke yake. Baada ya Vita Kuu ya Pili, askari walirudi kutoka Burma na kwingineko wakiwa wameona dunia, na serikali ya kikoloni ikaogopa watakaa bila shughuli. Kwa fedha za Maendeleo na Ustawi wa Makoloni, zilizotolewa na Uingereza kwa sheria za 1940 na 1945, vikajengwa vituo vya ustawi katika miji mbalimbali ya Tanganyika. Kila kituo kilitakiwa kiwe na maktaba ndogo, redio, chumba cha mikutano na mahali pa michezo.

Majengo yalisimama, lakini kazi iliyokusudiwa haikudumu. Askari wa zamani hawakuwa wengi waliovitumia. Vituo vingi viligeuka kuwa klabu za makarani, walimu na watumishi wengine wachache wenye mishahara, kwa sababu wao ndio waliokuwa na uwezo wa kulipa ada na walioweza kusoma magazeti yaliyowekwa mezani. Mahali pengi sehemu iliyochangamka kuliko zote ikawa ni ile ya kuuzia bia.

Sababu yake inaeleweka na yeyote aliyewahi kuandaa bajeti. Fedha za kujenga zilitoka London mara moja. Fedha za kuendesha zilitakiwa kila mwaka, na zilitegemewa zitoke hapohapo mjini. Mfadhili hufurahia kukata utepe, na jiwe la msingi huandikwa jina. Hakuna jiwe linaloandikwa jina la aliyelipia mshahara wa mlinzi, taa, dawa ya choo na ukarabati wa bati lililong'olewa na upepo. Jengo lisilo na fungu la uendeshaji hutafuta mtu wa kulilisha, na anayelilisha ndiye anayelitawala. Kama ni muuza bia, litakuwa baa. Kama ni ofisi fulani, litakuwa stoo ya makabati yake.

Siku uwanja ulipotaka kuuzwa kwa jina la maendeleo

Mfano wa mwisho kutoka nje unatoka kwa jirani zetu wa Kenya. Uhuru Park ya Nairobi ilifunguliwa na Mzee Jomo Kenyatta mwaka 1969. Ilikuwa mahali katikati ya jiji ambapo mtu asiye na senti angeweza kuketi kwenye majani na watoto wake siku ya Jumapili. Mwaka 1989 chama tawala cha KANU kilitaka kujenga humo jengo la ghorofa 60 kwa ajili ya gazeti lake, pamoja na ofisi, maduka na kumbi. Wananchi waliambiwa kuwa hayo ni maendeleo.

Profesa Wangari Maathai wa Green Belt Movement aliandika barua kwa ofisi moja baada ya nyingine akiuliza swali rahisi: kama jengo ni zuri, kwa nini lisijengwe mahali pengine? Alikwenda mahakamani na kesi yake ikatupwa. Wabunge walimkejeli bungeni, na shirika lake likafukuzwa katika ofisi ya serikali lilimokuwa. Lakini kelele zilifika kwa wenye fedha wa nje, wakaanza kurudi nyuma, na mradi ukafa. Mwaka 2004 mama huyo alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Bustani ipo mpaka leo.

Kituo cha kata hakifanani na jengo la ghorofa 60, na nia yetu ni njema. Lakini njia ya kupoteza uwanja ni ileile, kubwa au ndogo. Kwanza linaingia jengo moja jema, ambalo hakuna mwenye moyo wa kulipinga. Kisha jengo linahitaji uzio kwa usalama, na uzio unahitaji lango. Ndani ya uzio panahitajika maegesho, na pembeni vinaongezwa vibanda vya kupangisha ili kupata fedha za uendeshaji. Baada ya miaka kumi watoto wanacheza mpira barabarani, na hakuna kikao hata kimoja kilichowahi kuamua kwamba uwanja ufe.

Mpanda yetu

Sisi wa Mpanda tuna sababu zetu za kufikiri mbali. Mji wetu umeinuka kwa madini ya risasi. Reli ya kutoka Kaliua, yenye urefu wa takriban kilomita 210, ilifika mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa Uruwira Minerals. Miaka kumi tu baadaye mgodi ukafungwa. Mali iliyojengwa kwa ajili ya mtumiaji mmoja ilibaki bila mwenyewe. Reli iliendelea kuishi kwa sababu wananchi waliipatia kazi nyingine: abiria, mahindi, tumbaku, na ndugu wa Tabora na Kigoma wanaokwenda na kurudi.

Leo hali ni ya kinyume. Sensa ya 2012, mwaka uleule mkoa ulipozaliwa kutoka Rukwa, ilihesabu watu 564,604 katika Katavi. Sensa ya 2022 ilihesabu 1,152,958. Mkoa umeongezeka zaidi ya mara mbili katika miaka kumi. Kila anayehamia, awe Msukuma, Muha, Mfipa au mtu wa mbali zaidi, anakuja kukaa pamoja na Wakonongo, Wabende na Wapimbwe, naye anahitaji kiwanja cha nyumba. Maeneo ya wazi yatazidi kuonekana kama ardhi iliyolala, na ya kwetu Ilembo hayatasalimika kwa bahati. Watu waliotoka kila upande nao wanahitaji mahali pa kukutana kuliko mji uliokaa miaka mia na ukoo mmoja. Kwa hiyo tunahitaji vyote viwili, uwanja na ukumbi, na kwa utaratibu unaofaa.

Mapendekezo kwa harambee yetu

Kwanza, mchango wetu wa mwanzo ulinde uwanja kabla ya kununua tofali. Chini ya Sheria ya Mipango Miji, Na. 8 ya 2007, halmashauri ndiyo mamlaka ya upangaji, na matumizi ya kiwanja hayabadilishwi bila kibali chake. Tuombe mchoro, tuhakikishe eneo limeandikwa kuwa la wazi, mipaka ipimwe na mawe yawekwe. Jambo hili lizungumzwe katika mikutano ya mitaa, wenye vibanda na vijana wa mpira wakiwepo, lisiishie kwa viongozi wa jumuiya peke yao.

Pili, kama kituo kitajengwa kwenye uwanja, kikae pembeni, kiwe kidogo, na kisiwe na uzio unaozunguka uwanja. Kama kuna kiwanja kingine cha karibu, hata kwa kulipia, tulinganishe gharama kwa haki. Katika ulinganisho huo uwanja usihesabiwe kuwa sifuri.

Tatu, katika kila shilingi 100 tutakayochanga, shilingi 20 zisiguswe na fundi. Ziwekwe benki katika akaunti yake kwa ajili ya mlinzi, umeme, maji na ukarabati, na taarifa yake isomwe kila mwaka mbele ya wachangiaji kama inavyosomwa ya ujenzi.

Nne, wafadhili wakubwa wakaribishwe na washukuriwe, lakini kila kaya ya Ilembo iwe na jina katika daftari, hata kwa shilingi elfu moja au kwa siku moja ya kusomba mchanga. Wale wa New Street hawakuwa matajiri. Walijenga kidogo, kwa mikono yao, na siku ya haja ufunguo ulikuwa mfukoni mwao.

Fomu ya ahadi imeambatanishwa na kijitabu hiki. Unapoijaza, andika pia ni kiasi gani unataka kiende kwenye upimaji wa uwanja, kiasi gani kwenye ujenzi, na kiasi gani kwenye uendeshaji. Mweka hazina atazipokea zote tatu kwa shukrani.