S/PDIF

S/PDIF ni kiwango cha kupitisha sauti ya kidijitali kati ya vifaa, kilichobuniwa na Sony na Philips na kurasimishwa kimataifa katika IEC 60958. Kompyuta huunganishwa na redio ya nyumbani kwa waya wa koaksia wa omu 75, au kwa waya wa nuru wa TOSLINK, uliobuniwa na Toshiba mwaka 1983. Ukiuchomoa kwenye redio, ncha yake huonyesha mwanga mwekundu. Waya wa nuru haupitishi umeme, hivyo huzuia ule mvumo unaoudhi wa kompyuta usifike kwenye spika, na kwa hilo unastahili kupendelewa. Kupitia S/PDIF, sauti isiyobanwa hupita kwa chaneli mbili tu; sauti ya chaneli 5.1 hubanwa kwanza kwa Dolby Digital au DTS. Kwa kulinganisha, waya wa HDMI unaweza kubeba chaneli nane zisizobanwa.