Maneno, Sheria na Mtoto wa Shule: Mjadala wa Jinsia Mjini Kampala

Kwa miaka mingi sasa mji wa Kampala umekuwa uwanja wa mabishano makali juu ya yale ambayo mwanafunzi afundishwe, au asifundishwe, kuhusu mwili wake na jinsia yake. Vyama vya wazazi, vya dini na vya kutetea haki za binadamu vimeshindana bungeni, mahakamani, magazetini na katika mimbari. Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa ufupi historia ya mabishano hayo, na kuonyesha jambo moja ambalo sisi walimu wa lugha hatuna budi kulizingatia: kwamba mambo mengi yaliyo mbalimbali yalifungwa katika furushi moja kwa kukosa maneno ya kuyatenga, na mzigo wa furushi hilo ukamwelemea mtoto.

Kabla ya kuja shule, elimu ya mwili na ya unyumba ilikuwa na wenyewe. Katika Buganda kazi hiyo ilikuwa ya ssenga, yaani shangazi, dada wa baba, ambaye alimfunza binti aliyebalehe mambo ambayo mama mzazi hakuthubutu kuyatamka. Tena mipaka ya jinsia haikuwa myepesi kama wengi wetu tunavyodhani. Mabinti wa ukoo wa Kabaka walikuwa wakiitikiwa kwa neno "ssebo", ambalo ndilo heshima ya mwanamume, kwa kuwa cheo chao kiliwaweka upande wa wanaume. Kaskazini ya nchi, Mwingereza J. H. Driberg, katika kitabu chake juu ya Walango kilichochapishwa mwaka 1923, alieleza habari za watu waliozaliwa wanaume lakini wakahesabiwa na kuishi kama wanawake. Hatusemi kwamba mila hizo ni sawa na mambo yanayobishaniwa leo. Hatuna haki ya kuwavika wazee wetu maneno yetu. Tunasema tu kwamba anayedai kuwa Waafrika hawakupata kulifikiri jambo hili amesoma historia nusu.

Shule za misheni zilileta mpango mwingine. Gayaza ilianzishwa kwa ajili ya wasichana mwaka 1905, na Budo kwa ajili ya wavulana mwaka 1906. Kila upande ulipewa sare yake, bweni lake na kazi yake. Chuo cha Makerere, kilichoanza mwaka 1922, kilikuwa na wito ambao maana yake ni "Tuwe wanaume". Wanawake sita wa kwanza walipopokewa mwaka 1945, wito huo ukawa hauna budi kuachwa. Baadaye, mwaka 1990, Makerere ilianza kuwaongezea wasichana alama moja na nusu ili idadi yao ipande. Hatua hiyo nayo ilipata wapinzani wengi. Hivyo suala la jinsia shuleni si mgeni aliyeshuka jana kutoka uwanja wa ndege wa Entebbe. Limekaa nasi darasani tangu darasa la kwanza lijengwe.

Gonjwa la UKIMWI liliwalazimisha watu kusema. Mwaka 1987 chama cha TASO kiliundwa ili kuwasaidia wagonjwa, na mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya alijitokeza hadharani akatamka kwamba ana ugonjwa huo. Mwaka 1993 likaanza kutolewa gazeti la vijana liitwalo Straight Talk, lililojibu maswali ambayo vijana waliogopa kuwauliza wazazi. Miaka ya mwanzo ya 2000 serikali ikaleta mpango wa PIASCY, uliowapa walimu wa shule za msingi vitabu vya kuzungumza na wanafunzi juu ya UKIMWI. Wakati huo ubishi ulikuwa juu ya kiasi: tuseme mpaka wapi, na kwa mtoto wa umri gani? Wengi walikubaliana kwamba kunyamaza kabisa kulikuwa kumekwisha kuua watu wa kutosha.

Mambo yaligeuka mwaka 2009. Mwezi wa Machi mwaka huo chama cha Family Life Network kilifanya semina mjini Kampala, na miongoni mwa wasemaji alikuwamo mhubiri wa Kimarekani, Scott Lively. Mwezi wa Oktoba mbunge David Bahati alipeleka bungeni muswada wa kupinga ushoga. Hoja iliyorudiwa mara nyingi ilikuwa kwamba watoto wanaandikishwa ushoga mashuleni. Upande wa pili walisimama watetezi waliokuwa wameungana katika chama cha SMUG tangu mwaka 2004. Hao walikuwa wamekwisha kuonja ushindi mdogo mahakamani: mwezi Desemba mwaka 2008 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki za Victor Mukasa na mwenzake zilivunjwa pale nyumba ilipoingiwa na kupekuliwa bila ya idhini. Lakini tarehe 26 Januari 2011 David Kato, mmoja wa viongozi wa SMUG, aliuawa nyumbani kwake Mukono, miezi michache baada ya gazeti moja dogo la Kampala kuchapisha jina na picha yake. Yafaa tukumbuke kwamba kazi ya David Kato ilikuwa ualimu.

Muswada ule ulipitishwa Desemba 2013, ukatiwa sahihi tarehe 24 Februari 2014, kisha Mahakama ya Katiba ikaibatilisha sheria hiyo tarehe 1 Agosti 2014 kwa sababu wabunge hawakutimia idadi inayotakiwa siku ya kupiga kura. Mwaka 2016 mabishano yakaingia moja kwa moja katika mtaala. Mwezi Agosti Bunge lilitaka elimu ya ujinsia isimamishwe mashuleni, na mwezi Oktoba Wizara inayoshughulikia mambo ya jinsia ikaipiga marufuku. Kituo cha CEHURD, kinachoshughulikia haki na afya, kilikwenda Mahakama Kuu kuipinga serikali. Mwezi Mei mwaka 2018, Wizara ya Elimu na Michezo, chini ya waziri wake Janet Museveni, ilitoa mwongozo wa taifa wa elimu ya ujinsia, uliojengwa juu ya maadili ya dini na ya nchi. Hata hivyo, viongozi wa dini waliupinga, wakihofu kwamba ndani ya kapu lile kulikuwa na nyoka. Mwezi Novemba mwaka 2021 Mahakama Kuu ilitoa hukumu na kuiamuru serikali itunge sera ya elimu hiyo katika muda wa miaka miwili.

Kabla muda huo haujaisha, upepo ulikuwa umekwisha kugeuka tena. Mwezi Agosti mwaka 2022 shughuli za SMUG zilisimamishwa na ofisi inayosimamia vyama visivyo vya serikali. Tarehe 21 Machi 2023 Bunge lilipitisha muswada mpya wa kupinga ushoga. Rais akaurudisha, ukarekebishwa na kupitishwa tena tarehe 2 Mei, na mwisho wa mwezi huo ikatangazwa kwamba amekwisha kuutia sahihi. Sheria hiyo iliweka kifungo cha maisha, na kwa makosa fulani hata adhabu ya kifo. Kifungu kimoja kilimgusa kila mwalimu: kilimtaka mtu yeyote anayejua au kushuku kwamba kosa limetendeka apeleke habari polisi. Fikiri, ndugu msomaji, mwanafunzi anakuja kwako baada ya kipindi, amejaa hofu, anataka shauri. Nawe sheria inakutaka uwe mpelelezi wake. Tarehe 3 Aprili 2024 Mahakama ya Katiba iliondoa kifungu hicho pamoja na vingine vichache, lakini sehemu kubwa ya sheria ikaiacha isimame.

Sasa tutazame ni nani aliyesahauliwa katika mabishano haya yote. Mwaka 1997 Julius Kaggwa alichapisha mjini Kampala kitabu cha maisha yake. Alizaliwa na mwili ambao haukuwa wa kike kamili wala wa kiume kamili, akalelewa kama msichana, kisha akaishi kama mwanamume. Baadaye aliongoza chama cha SIPD, kinachowasaidia watoto waliozaliwa hivyo pamoja na wazazi wao. Mtoto kama huyo hakuchagua lolote, wala hakufundishwa na yeyote. Alizaliwa. Lakini shuleni ataulizwa mlangoni: gauni au kaptura? Bweni la huku au la kule? Na akibalehe kinyume cha jina aliloandikishwa, cheti chake cha mtihani kitataja mtu mwingine. Sheria ya Uandikishaji wa Watu ya mwaka 2015 imemfikiria kwa kiasi, kwani inaruhusu maandishi yake yabadilishwe baada ya upasuaji na kwa uthibitisho wa daktari. Mwaka 2023 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilipitisha azimio la kuwalinda watu wa namna hiyo. Hata hivyo, katika mwaka huohuo wa ghadhabu, ni mzazi gani wa Kampala angethubutu kumpeleka mtoto huyo kwa mwalimu mkuu na kumweleza hali yake, ilhali kila neno juu ya jinsia lilisikika kama ushoga?

Hapa ndipo kazi yetu inapoanzia. Lugha yetu si maskini. Tunalo neno "jinsia", linalotaja hali ya kuwa mwanamume au mwanamke. Tunalo "ujinsia", lenye kukusanya mambo ya mwili, tamaa na mahusiano. Na tunalo "huntha", lililokuja kutoka Kiarabu pamoja na elimu ya fikihi. Mafakihi walitenga mlango mzima wa kueleza huntha arithi vipi, wala hawakumwona kuwa ni jambo la aibu bali ni masuala yanayohitaji hukumu ya haki. Kisha liko neno "shoga", ambalo mwambao ni mwanamke kumwita rafiki yake mwanamke, na kwingineko limekuwa tusi. Mwalimu anayeliandika ubaoni bila ya kueleza historia yake amempa mwanafunzi jiwe la kutupa. Mwanafunzi wa Uganda, anayejifunza Kiswahili kama lugha ya pili au ya tatu, huyapokea maneno haya kutoka kwetu kwanza. Tangu mwaka 2020 Kiswahili ni somo la lazima katika miaka miwili ya kwanza ya sekondari nchini humo; basi maneno yetu yanafika mbali kuliko zamani.

Hatutarajii kwamba walimu wote watakuwa na msimamo mmoja. Miongoni mwetu wamo Waislamu na Wakristo, wazee na vijana, wanaoiona sheria ya 2023 kuwa ni ngao na wanaoiona kuwa ni upanga. Lakini mtu wa msimamo wowote anaweza kukubali kwamba elimu ya kujikinga na maradhi si jambo moja na mapenzi ya jinsia moja; kwamba hayo nayo si jambo moja na mtu kujitambua kuwa wa jinsia nyingine; na kwamba yote hayo si jambo moja na mtoto aliyezaliwa huntha. Anayetaka kuyapinga na ayapinge moja moja, kwa jina lake. Anayetaka kuyatetea naye na afanye vivyo hivyo. Atakayeyachanganya kwa makusudi hajengi hoja, anachochea moto.

Aidha, tukumbuke tabia moja ya lugha tunayoifundisha. Tunaposema "amekuja", hatujui kama aliyekuja ni mwanamume au mwanamke. Kiganda nacho husema "azze", na hali ni hiyohiyo. Katika ngeli ya kwanza kiambishi kinatuarifu jambo moja tu, kwamba aliyekuja ni mwenye uhai, na mara nyingi ni mtu. Sarufi haitoi hukumu ya mahakama, wala hatuitumii hapa kama hoja ya kisheria. Lakini mwalimu anapofungua daftari la mahudhurio asubuhi na kuuliza nani amekuja na nani hakuja, swali hilo latosha kuwa mwanzo wa kazi yake. Mtoto ambaye jina lake halijibiwi, kwa kuwa ameogopa kuja, ndiye hasa ambaye mabishano ya Kampala yangalipaswa kuanza naye.