Mashine Mpya Ikitoka: Tununue Sasa au Tungoje?

Mwenye daftari na alifungue, na mwenye kalamu aishike. Mwalimu wa darasa naye asimame karibu na ubao, maana leo tuna miaka kadhaa ya kuandika.

Historia si habari za wafalme na vita tu. Habari za fedha za watu pia ni historia: walinunua nini, lini, na je, walipata faida au hasara? Leo tutasema juu ya kompyuta. Swali letu ni hili: kampuni ikibadilisha ubongo wa kompyuta zake, je, tununue zile za kwanza kutoka, au tungoje?

Wazee wametuachia methali mbili zinazopigana. Moja yasema, "Haraka haraka haina baraka." Ya pili yajibu, "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Ipi ni ya kweli? Tuiulize historia.

Kwanza tuelewane maneno. Ndani ya kila kompyuta mna kipande kidogo kiitwacho prosesa. Hicho ndicho kinachofanya hesabu na kutii amri. Kila jamii ya prosesa ina lugha yake. Programu, yaani maagizo ya kuandikia barua, kupigia hesabu au kutengenezea picha, hutungwa kwa lugha hiyo. Ukiweka prosesa ya jamii nyingine, programu za zamani huwa kama mgeni asiyejua lugha ya mji. Akili anazo, lakini hakuna amwelewaye.

Basi watengenezaji huweka mkalimani. Huyu ni programu inayogeuza maneno ya lugha ya zamani kuwa ya lugha mpya. Ninyi mmewahi kukaa katika mkutano wenye mkalimani. Maneno hufika, lakini mkutano huchukua muda mrefu zaidi. Ndivyo ilivyo katika kompyuta pia.

Sasa tutazame kampuni moja ya Marekani iitwayo Apple, yenye kutengeneza kompyuta ziitwazo Macintosh. Kampuni hii imebadilisha jamii ya prosesa mara tatu, kwa hiyo inafaa sana kwa somo letu.

Andikeni mwaka 1984. Ndipo Macintosh ya kwanza ilipotoka. Prosesa yake ilikuwa Motorola 68000. Jamii hiyo ilitumika peke yake miaka kumi.

Andikeni sasa mwaka 1994. Mwezi wa Machi zilitoka Macintosh zenye prosesa mpya, PowerPC. Kampuni tatu, yaani Apple, IBM na Motorola, zilikuwa zimepatana mwaka 1991 kuitengeneza. Mkalimani aliwekwa ndani ya mashine yenyewe. Programu za zamani zilifanya kazi, walakini bila kasi iliyosifiwa. Aliyetaka kasi ilimbidi apate programu zilizotungwa upya kwa lugha ya PowerPC. Lakini tazameni upande wa pili. Mwezi wa Oktoba 1998 ulitoka mfumo mpya, yaani ile programu kuu inayoiendesha mashine nzima, nao haukukubali tena prosesa za zamani za Motorola. Aliyenunua mashine ya jamii ya zamani mwishoni mwa siku zake aliachwa njiani mapema.

Badiliko la pili lina mafunzo mengi zaidi. Mwezi wa Juni 2005 Steve Jobs, mkuu wa Apple, alitangaza kwamba kampuni itaiacha PowerPC na kutumia prosesa za Intel. Mwaka 2003 alikuwa ameahidi PowerPC yenye mwendo wa gigahezi 3 katika muda wa miezi kumi na miwili, wala haikupatikana. Tena prosesa ile ilitoa joto jingi, ikawa haifai kwa kompyuta za kubeba mkononi.

Mwezi wa Januari 2006 mashine za kwanza za Intel zilitoka. Mkalimani wake aliitwa Rosetta. Jina hilo latokana na jiwe lililoonekana Misri mwaka 1799, lenye habari moja iliyoandikwa kwa maandishi ya namna tatu.

Sasa tuwatazame wanunuzi watatu. Hatuwapi majina, tutawaita wa kwanza, wa pili na wa tatu.

Mnunuzi wa kwanza alinunua mashine ya zamani yenye nguvu nyingi, Power Mac G5 ya Oktoba 2005, kwa dola 3,299. Mwezi wa Agosti 2009 ulitoka mfumo uliokataa PowerPC zote. Mashine yake haikutimiza hata miaka minne kabla ya kufungiwa mlango.

Mnunuzi wa pili alinunua iMac ya kwanza ya Intel, Januari 2006, kwa dola 1,299. Prosesa yake ilikuwa ya namna ya biti 32. Mwezi wa Julai 2011 ulitoka mfumo uliotaka biti 64. Huyu naye akaachwa, lakini alikuwa amepata miaka mitano na nusu.

Mnunuzi wa tatu alingoja miezi minane tu. Mwezi wa Septemba 2006 akanunua iMac yenye prosesa ya biti 64. Mfumo wa 2011 ulimkubali. Je, alitajirika kwa kungoja? Hapana. Mfumo uliofuata, wa Julai 2012, ulimkataa naye. Faida ya kungoja kwake ilikuwa karibu mwaka mmoja.

Simameni hapo mfikiri. Wengi husema, "Usinunue toleo la kwanza!" Lakini katika habari hii, aliyeachwa mapema kuliko wote ni yule aliyenunua la mwisho la jamii ya zamani.

Je, alikuwa mjinga? La, msimhukumu upesi. Kama kazi yake ilikuwa kutengeneza picha kwa programu ya Photoshop, alikuwa na sababu. Photoshop iliyotungwa kwa lugha ya Intel haikutoka mpaka mwaka 2007. Kwa zaidi ya mwaka mmoja, wenye mashine mpya waliitumia kwa mkalimani, polepole, na yeye aliitumia kwa kasi yote. Ikiwa kazi ile ilimrudishia fedha zake, hakupata hasara. Kwa hiyo umri wa mashine ni jambo moja, na kazi ya mashine ni jambo jingine.

Badiliko la tatu lilitangazwa Juni 2020. Safari hii Apple iliacha Intel ikaweka prosesa iliyobuni yenyewe. Ya kwanza kwa Macintosh iliitwa M1, nayo ilitoka Novemba 2020.

Linganisheni kompyuta mbili za jina moja, MacBook Air. Ya Machi 2020 ilikuwa na Intel, na bei yake ya kuanzia ilikuwa dola 999. Ya Novemba 2020 ilikuwa na M1, na bei yake ya kuanzia ilikuwa dola 999 vilevile. Kati yao ni miezi minane. Mwezi wa Septemba 2025 ulitoka mfumo uitwao Tahoe. Ile ya Intel ilikataliwa, na ile ya M1 ikakubaliwa. Tena Apple ilitangaza kwamba Tahoe ndio mfumo wa mwisho kwa Macintosh za Intel zote.

Safari hii toleo la kwanza halikuwatupa wanunuzi wake. M1 ilikuwa na kasi, tena ilitumia umeme kidogo hata MacBook Air ile haikuhitaji feni. Mkalimani wake, Rosetta 2, alifanya kazi vizuri. Walakini aliyehitaji kuiwasha mashine yake kwa mfumo wa Windows, kama ilivyowezekana kwa Intel, hakuweza tena. Na aliyetaka kuunganisha skrini mbili za nje, MacBook Air ile ilikubali moja tu. Kwa watu hao kungoja kulikuwa na maana.

Mtu atauliza, "Kuachwa na mfumo kuna ubaya gani? Mashine si inawaka?" Kweli, inawaka. Lakini baada ya muda mtengenezaji huacha kuziba matundu ambayo wezi wa mitandaoni hupitia. Programu mpya nazo huanza kuikataa. Ni kama nyumba iliyohamwa na fundi wake: yakalika, lakini paa likivuja hakuna wa kuziba.

Jambo hili latuhusu sisi pia, maana kompyuta nyingi hununuliwa zikiwa zimekwisha kutumika. Bei ikiwa ndogo ghafula, huenda sababu ni kwamba prosesa yake ni ya jamii iliyoachwa. Wala usitegemee maneno ya muuzaji peke yake. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.

Basi, kabla ya wewe au chama chenu kutoa fedha, ulizeni maswali matatu. Mwalimu ayaandike ubaoni.

La kwanza: Kazi yetu inahitaji programu zipi, na je, zimekwisha kutungwa kwa lugha ya prosesa mpya? Kama bado, ngojeni.

La pili: Mashine tuliyo nayo ingali yafanya kazi? Kama inafanya, kungoja hakuna gharama. Kama imekufa na kazi imesimama, kila mwezi wa kungoja ni hasara.

La tatu: Jamii hii ya prosesa inaingia au inatoka? Kama inatoka, msilipe bei kubwa, ila kama kazi yenyewe itazirudisha fedha upesi.

Mmeona sasa kwamba methali zetu mbili hazipigani. Haraka haina baraka kwa asiyejua kazi yake inataka nini. Kungoja huumiza tumbo la yule ambaye kazi yake imesimama. Jueni kwanza ninyi ni yupi.

Maswali ya kujibu darasani:
1. Apple ilibadilisha jamii ya prosesa katika miaka gani?
2. Mkalimani katika kompyuta hufanya kazi gani?
3. Mnunuzi wa tatu alifaidi muda gani kwa kungoja miezi minane?
4. Taja kazi moja ambayo ingekufanya ungoje, na moja ambayo ingekufanya ununue leo. Eleza sababu.

Hapo ndipo tutakapoishia leo. Someni tena kurasa hizi kwa sauti, mmoja baada ya mwingine. Kwaherini, mpaka somo lijalo.