Ndoa Batili ya Dahashna

Filamu ya Misri Shay' min al-Khawf ilitoka mwaka 1969, miaka miwili baada ya nchi hiyo kushindwa katika vita vya 1967. Jina lake twaweza kulifasiri Chembe ya Hofu, na hofu yetu ndiyo khawf yao. Hussein Kamal aliiongoza, kwa rangi nyeusi na nyeupe, akiitoa katika riwaya ya Tharwat Abaza. Sisi wapenda lugha, hata hivyo, wa kumtazama zaidi ni mshairi Abdel Rahman el-Abnudi, mzaliwa wa Misri ya Juu, aliyeandika mazungumzo na nyimbo zake.

Atris ni dhalimu wa kijiji cha Dahashna. Dhuluma aliirithi kwa babu yake, ingawa utotoni alikuwa mpole, akimpenda Fouada. (Na jina hilo ni ndugu wa fuadi, neno ambalo washairi wetu hawajalitupa.) Ukubwani anawafungia wanakijiji maji ili kuwaadhibu. Mashamba yanakauka, watu kimya. Fouada ndiye aendaye kuyafungulia. Atris hawezi kumwua ampendaye, basi anamposa. Binti anakataa, baba yake, kwa woga, anasema ameridhia, na ndoa inafungwa.

Sheikh Ibrahim anatamka kwamba ndoa hiyo ni batili. Mwanawe anauawa kwa ajili ya tamko hilo. Ndipo mzee anapotoka na jeneza akilikariri, na kijiji kizima kinamwitikia hadi nyumbani kwa Atris, mienge mikononi.

Hakuna anayedai talaka, maana kudai talaka ni kukiri kwamba ndoa ilikuwapo. Wala hawapigi kelele kuwa Atris ni mwovu. Hilo walilijua siku zote, na kulijua hakukuwapunguzia hofu. Batili yasema kwamba mkataba haukuwa mkataba tangu mwanzo.

Watazamaji wengi walimwona Fouada kuwa Misri, na Atris kuwa Gamal Abdel Nasser. Yasimuliwa kwamba Nasser mwenyewe aliitazama filamu kabla haijaruhusiwa. El-Abnudi alikuwa amekwisha kufungwa na utawala huo mwaka 1966, lakini alichokihitaji hapa kilikuwamo tayari katika fiqhi ya ndoa, ambamo ukimya wa mwanamwali huhesabiwa kuwa ni ridhaa. Fouada hakunyamaza. Walionyamaza ni Dahashna.