Voi na Ufundi wa Kukagua Kilichotoka Safarini

Tangu reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ilipofika Voi mwishoni mwa mwaka 1897, mji huu haukukosa kazi ya kuvitazama vyombo vilivyotoka safarini. Na ilipozuka Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Waingereza likaanza mwaka 1915 kutandika njia ya pili kuelekea Maktau na Taveta, ilhali askari wa Kijerumani wakiivizia ile ya kwanza kwa baruti, Voi ikawa makutano, na mwaka 1916 njia hiyo mpya ikavuka mpaka hata ikaungana na reli ya Usambara pale Kahe. Katika reli za zama hizo mkaguzi alitembea kando ya mabehewa akigonga kila gurudumu kwa nyundo na kutega sikio: chuma kizima hulia kwa sauti safi, chenye ufa hulia kwa sauti butu, na gurudumu halikuhukumiwa kabla ya kugongwa.

Nasadiki kwamba fundi wa kompyuta wa Voi anaihitaji adabu iyo hiyo. Kadi za picha za zamani zilikuwa vibao vyepesi visivyojali mtikisiko. Lakini tangu sloti ya AGP ilipotokea mwaka 1997, na PCI Express kuirithi kuanzia mwaka 2004, kadi zimezidi kunenepa kwa feni na vyuma vya kupozea, hata nyingine zikapita kilo moja, nazo huning'inia ubavuni mwa ubao mama kwa skrubu mbili tu. Kompyuta ya namna hiyo ikisafirishwa imesimama nyuma ya pikapu kutoka Mombasa, au ikipandishwa kona za kutoka Mwatate kwenda Wundanyi, kila tuta huitikisa kadi, na yamkini ikafika ncha yake moja imeinuka kwa unene wa ukucha. Mwenyewe huiwasha, picha ikaja, akashukuru. Kisha aanzapo kuhariri video ya harusi, vijiraba vya rangi hutapakaa kiooni, au kioo kikazimika ghafla feni zikiendelea kuvuma, naye akakata tamaa akidhani kadi imekufa.

Fundi mwenye taratibu huuliza kwanza kama ilisumbua kabla ya kuhamishwa. Akijibiwa la, huchomoa waya wa umeme, hubonyeza kitufe cha kuwashia ili chaji iliyobaki iishe, hufungua skrubu na kibana cha sloti, akaitoa kadi. Hupuliza vumbi jekundu, ambalo wakazi wa hapa wanalijua vyema, na kusugua meno ya dhahabu kwa raba ya penseli pole pole, kisha huirudisha hata kibana kilie. Hakomi hapo: sloti yenyewe haitoi zaidi ya wati 75, kwa hiyo kadi kubwa nyingi hutegemea nyaya za pini 6 au 8 kutoka kwenye pawa saplai, na nyaya hizo aghalabu ndizo zilizolegea. Hubadili jambo moja kwa wakati mmoja, akiijaribu mashine kwa kazi nzito kila mara, maana abadilishaye matatu pamoja hatajua lipi lililoponya.

Ikiwa baada ya hayo vijiraba vingalipo, na kadi hiyo hiyo ikavionyesha katika kompyuta nyingine iliyo nzima, hapo ndipo ina haki ya kuitwa mbovu, kwani huenda lehemu iliyoungia chipu imepasuka, na kuiunga upya kunataka mashine maalumu ya joto, si bisibisi na raba.