Bonde la Luama, Mlango wa Maniema

Mtu akiitazama ramani ya Afrika ya Kati ataona, magharibi ya Ziwa Tanganyika, safu ya milima iliyosimama kama ukuta toka kaskazini hata kusini. Watu wa pwani ya ziwa huiona kila siku mbele ya macho yao. Sisi tulio upande wa Maniema tuko mgongoni mwake. Ukuta huo ni mrefu, tena ni mgumu kupita. Katika nchi ya Itombwe, mlima Mohi wapata mita 3,475. Lakini ukuta huo una nyufa zake, na ufa mmojawapo ni bonde la mto Luama. Wasomaji wetu wa Kasongo na wa Kabambare waujua mto huu kwa samaki wake na kwa vivuko vyake. Habari zake za zamani ni wachache wazijuao, nasi twataka kuzieleza kidogo, kwa maana pasipo bonde hili historia ya Maniema ingalikuwa nyingine kabisa.

Luama wazaliwa katika milima hiyo, upande wa Itombwe na Fizi. Mwanzo waenda kusini, sambamba na ziwa, kana kwamba hautaki kuachana nalo. Halafu wageuka magharibi, wapita nchi ya Kabambare, na mwisho waingia Lualaba mahali palipo kati ya Kongolo na Kasongo. Hapa pana jambo la kustaajabisha. Mvua inyeshayo juu ya milima hugawanyika: maji ya magharibi huja kwetu kwa Luama, maji ya mashariki hushuka Tanganyika. Lakini Tanganyika nalo lina mlango wake wa kutokea, ndio mto Lukuga, na Lukuga waingia Lualaba juu ya Kongolo. Basi matone mawili yaliyoachana kileleni huweza kukutana tena kusini ya Kasongo, moja limekuja kwa njia fupi, la pili limezunguka ziwa zima.

Nchi yenyewe ni ya mchanganyiko. Kaskazini ya Kasongo waanza ule msitu mkubwa wa Kongo. Kusini ni mbuga za majani marefu, na miti hufuata mito tu kama watoto wamfuatavyo mama yao. Kabambare iko mpakani, yenye vilima, misitu ya mabondeni na michikichi mingi. Wakaao humo ni Wabangubangu hasa, pamoja na Wabuyu, Wahombo na wengineo; upande wa Kasongo wako Wakusu na Wazimba, na mtoni wako Wagenya, mabwana wa mitumbwi. Wabuyu walikuwa mafundi wa kuchonga sanamu za mababu. Leo mtu atakaye kuziona sanamu hizo za zamani ataziona kwa urahisi zaidi katika nyumba za makumbusho za Ulaya kuliko vijijini kwao. Jambo hilo latusikitisha, wala hatuoni sababu ya kulificha.

Na wanyama je? Tembo walikuwa wengi, nao ndio waliowaletea watu wa nchi hii msiba, kama tutakavyoona. Sokomutu wangali wako. Juu katika Itombwe wako ngagi, na ndege wengi wasiopatikana penginepo. Mwaka 1951 alikamatwa huko bundi mmoja wa namna isiyojulikana na wataalamu. Baada ya hapo wataalamu walimtafuta wasimpate tena mkononi, hata mwaka 1996 alipokamatwa wa pili. Miaka 45 kwa bundi mmoja! Ndivyo milima hiyo ilivyo na siri. Mwaka 2006 serikali ilitangaza sehemu ya Itombwe kuwa hifadhi.

Sasa tuje kwa watu waliopita mlangoni. Dakta David Livingstone alitoka Ujiji mwezi wa Julai 1869, akavuka ziwa, akaingia nchi ya Luama, akafika Kabambare tarehe 21 Septemba. Yeye aliandika jina hilo "Bambarre", na mtemi wa mahali akamwita "Moenekuss". Mtemi huyo alikuwa amekufa karibuni, na wanawe wawili walikuwa wamekaa mahali pake. Livingstone alikuwa akitafuta chanzo cha mto Nili. Alidhani Lualaba ndio Nili wenyewe. Kumbe ulikuwa Kongo, lakini jambo hilo halikujulikana hakika mpaka Stanley aliposhuka na mto hata baharini mwaka 1877.

Livingstone aliipenda sana nchi hii kwa uzuri wake. Alisifu michikichi iliyovika vichwa vya milima na mitambaazi minene iliyoning'inia mitini kama kamba za merikebu. Alitazama pia nyumba za watu. Ziliandikwa kwa mistari, za pembe nne, zenye kuta za udongo uliopigwa vizuri, na kuni zimepangwa ndani kwa utaratibu. Njia za kijiji mara nyingi zilielekea mashariki na magharibi, ili jua lipite katikati na kukausha unyevu upesi. Twaomba msomaji alitafakari jambo hili. Watu hao hawakuwa na kitabu cha afya wala bwana wa usafi wa kuwakemea. Walijua nchi yao ni ya mvua nyingi, wakajenga kwa kufuata jua.

Ugonjwa ukamfunga huko. Miguu yake ilishikwa na vidonda vikali, akakaa Kabambare tangu Julai 1870 hata Februari 1871, karibu miezi saba. Karatasi zilimwishia, na wino pia. Basi akaandika juu ya vipande vya gazeti la kale, kwa maji ya mmea ya rangi nyekundu, na maneno yake yakavuka juu ya maneno ya gazeti. Miaka ilipopita rangi ikafifia, hata hakuna mtu aliyeweza kusoma tena. Mwaka 2010 wataalamu walitumia taa za rangi mbalimbali na mashine za picha, wakaisoma barua aliyoiandika Kabambare mwezi wa Februari 1871. Mwaka uliofuata wakasoma na daftari yake ya Nyangwe.

Katika Maniema Livingstone aliona desturi moja ambayo kwetu ni kubwa kuliko milima. Hiyo ni desturi ya soko. Wanawake walikwenda sokoni na samaki, vyungu, mihogo, kuku na mawese, wakisafiri mbali. Hata kama vijiji viwili vilikuwa katika vita, wanawake wa soko walipita katikati wasiguswe. Mwanamume mwenye mkuki aliwaacha wapite. Sheria hiyo haikuandikwa mahali popote, wala haikulindwa na askari. Ilikaa katika mioyo ya watu, na ilitosha.

Iliyoivunja ni bunduki ya mgeni. Tarehe 15 Julai 1871, soko la Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba, lilikuwa na watu kadiri ya 1,500, wengi wao wanawake. Watu wa mfanyabiashara Dugumbe waliingia sokoni na bunduki, jambo lisilo la desturi. Pakawa na ugomvi juu ya bei ya kuku. Mara risasi zikaanza. Watu walikimbilia mitumbwi, mitumbwi ikajaa, wengi wakajitupa majini na mto ukawachukua. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone aliyaona hayo kwa macho yake. Daftari iliyosomwa upya imewafanya wataalamu waulize kama baadhi ya watumishi wake mwenyewe walikuwa na mkono katika jambo hilo, kwa maana maneno yake ya kwanza si sawa kabisa na yaliyochapishwa baadaye. Habari yake ilipofika Uingereza iliwachoma watu, ikasaidia kuifunga soko ya watumwa ya Unguja mwaka 1873.

Baada ya siku chache akarudi mashariki kwa njia ya misitu na vilima. Tarehe 8 Agosti wenyeji walimvizia njiani. Walimdhani ni mfanyabiashara mmoja aliyewaua ndugu zao. Mikuki miwili ilimkosa kidogo tu, na mti mkubwa ukaanguka karibu yake. Siku ile moja aliponea chupuchupu mara tatu. Hatuwezi kuwalaumu sana waliotupa mikuki ile. Wangejuaje kwamba mgeni huyu hakuja kununua watu?

Maana njia ya Luama sasa ilikuwa imekuwa njia ya pembe na ya pingu. Misafara ilitoka Nyangwe na Kasongo, ikapita Kabambare, ikafika Mtowa kwenye ziwa, ikavuka kwenda Ujiji, halafu Tabora, hata pwani. Kila jino la tembo lilihitaji bega la mtu. Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammad el Murjebi, yeye hakuingia Maniema kwa mlango huu mara ya kwanza; alitoka kusini, kwa nchi ya Waluba na ya Watetela, akatokea Nyangwe mwaka 1874, kisha akafanya Kasongo kuwa makao yake. Lakini mali zake zilipita hapa.

Tusiseme uongo kwa kutaka kuwa upande mmoja. Watu hao wa pwani, Waungwana kama walivyojiita, walileta mpunga, na Maniema ikawa nchi ya mchele mpaka leo. Hinde, mganga wa jeshi la Wabelgiji, aliandika kwamba alipita katika shamba moja la mpunga muda wa saa moja na nusu juu ya mnyama. Alisifu pia michungwa, mipera na mikomamanga ya bustani za Kasongo. Ni kweli. Lakini shamba la saa moja na nusu halilimwi na mtu mmoja, na waliolilima hawakuchagua kulilima.

Vita ya Wabelgiji na Waarabu twaipita upesi, kwa kuwa imeandikwa mara nyingi, na karibu daima kwa kuwasifu maofisa. Dhanis aliteka Nyangwe tarehe 4 Machi 1893, na Kasongo tarehe 22 Aprili. Mwezi wa Oktoba pakawa na mapigano makali karibu na Luama dhidi ya Rumaliza, na Januari 1894 Kabambare ikaanguka. Askari wengi wa pande zote mbili walikuwa Waafrika. Baada ya bwana mmoja kuondoka, mwingine akaketi: mwaka 1917 ukaanza ulimaji wa pamba kwa lazima, na mkulima aliyezoea mpunga wake akaamriwa kupanda kitu kisicholiwa.

Jambo lililoufunga mlango wa Luama halikuwa vita bali reli. Karibu mwaka 1911 reli ya Kindu na Kongolo ilikwisha kujengwa, ili kuepuka maporomoko ya Lualaba. Ikapita ng'ambo ya magharibi ya mto. Kasongo ikabaki upande wa pili, na Kabambare ikawa mbali zaidi, ingawa kati ya miji hiyo miwili ni kilomita mia na zaidi kidogo kwa mstari ulionyoka. Mizigo iliyopita Luama ikageuka. Baadaye vita vya 1964, na vile vya 1996 hata 2003, vikaharibu barabara zilizokuwapo. Dhahabu ya Namoya, karibu na Salamabila, iliyochimbwa tangu miaka ya 1930, haikuiponya nchi. Kampuni ya Banro ya Kanada ilianza kazi kubwa huko mwaka 2016, nayo ikaisimamisha mwaka 2019 kwa sababu ya ukosefu wa usalama.

Na urithi umebaki wapi? Sehemu yake iko mbali. Watoto wa wale waliopelekwa mashariki, wengine kwa pingu, wengine kama wapagazi au askari, wako Ujiji, Tabora na Bujumbura, nao huitwa Wamanyema. Dar es Salaam uko msikiti wenye jina hilo. Sehemu nyingine iko kinywani mwetu, ndicho Kiswahili chetu kiitwacho Kingwana, kilichokuja na msafara na kukaa baada ya msafara kwisha. Kwa lugha hiyo ya aliyefunga na ya aliyefungwa, leo twasali, twauza, twagombana na kupatana.

Sehemu ya tatu iko ardhini. Kasongo ya zamani yaitwa Tongoni, nalo neno lenyewe maana yake ni mahame, mahali palipoachwa. Miaka hii ya karibuni wataalamu wa mambo ya kale wamepachimba na kuwauliza wazee wa nchi habari zake. Twaona ni vema walianza kuuliza kabla wazee hawajaisha. Maana mpaka sasa habari za Luama zimeandikwa na wapita njia, na wenye nchi walikuwa wakisimuliana jioni tu. Twatamani na Kabambare ipate mtu wa kuichimba na wa kuwakalisha wazee wake na kuandika. Kati ya wazee wa Kasongo wako walio wajukuu wa Waungwana, wako walio wajukuu wa waliouzwa, na ukiuliza kwa upole utakuta wengi ni wa pande zote mbili.