Upatanifu wa Zana za PostgreSQL na Seva za Zamani

Upatanifu wa nyuma ni uwezo wa zana mpya kuhudumia seva iliyotangulia kuundwa, jambo ambalo waundaji wa hifadhidata ya PostgreSQL wamelishughulikia kwa uangalifu wa kusifika. Itifaki ya mawasiliano ya toleo la 3, iliyoanza mwaka 2003 pamoja na PostgreSQL 7.4, ndiyo iiwezeshayo psql ya leo, zana ya PostgreSQL ya kuandikia amri, kuunganishwa na seva kongwe. Walakini amri kama \d, imwoneshayo mtumiaji umbo la jedwali, husoma katalogi za ndani ya seva, na katalogi hizo hubadilika toleo baada ya toleo, hata ikailazimu psql kutazama kwanza namba ya toleo la seva ndipo itunge ulizo liifaalo.

Kwa seva iliyo mpya kuliko zana hakuna dhamana. psql 11 ikielekezwa kwenye seva ya 12, iliyotolewa mwaka 2019, amri ya \d hushindwa, kwani huitafuta safu ya relhasoids ambayo imekwisha kuondolewa. Programu ya pg_dump ni kali zaidi: hukataa katakata kunakili seva ya toleo kuu lililo mbele yake, na ni haki ikatae, maana nakala pungufu inayoaminiwa huleta hasara kubwa kuliko kukosa nakala.

Hata kwa seva za zamani upo mpaka: psql na pg_dump za toleo la 15, la mwaka 2022, ziliacha kuzihudumia seva zilizotangulia 9.2. Ahamishaye data aghalabu hutumia pg_dump ya toleo analohamia.